Zidaka zitufunze kupanga mapambo ya nyumbani

Mhariri,

Nimeyasoma kwa makini makala ya gazeti lako kuhusu kupamba sebule kwa rafu, na ninakubaliana na mwandishi wake kwamba rafu iliyopangwa vizuri huipa nyumba haiba. Lisiloniridhisha ni kwamba mifano yote aliyoitoa ni ya nyumba za ng'ambo, ilhali sisi watu wa pwani tuna ufundi wetu wa karne nyingi wa kuweka mapambo ukutani, nao ni ufundi wa zidaka.

Kwa wasomaji ambao hawajapata kuziona, zidaka ni vishubaka vinavyojengwa ndani ya ukuta wenyewe wa mawe ya matumbawe, vikapakwa chokaa na kutiwa nakshi. Katika nyumba kongwe za mji wa Lamu, ambazo nyingi ni za karne ya 18, ukuta wenye zidaka nyingi zaidi ni ule wa chumba cha ndani kabisa, na mgeni aliyesimama kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani ya nyumba, aliweza kuuona kwa mbali, nyuma ya misana, vile vyumba virefu vinavyoukabili ua. Humo ziliwekwa sahani na mabakuli ya kaure yaliyoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi, mengine kutoka Uchina, pamoja na vitabu na vyombo vya thamani. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipoulilia mji ulioanguka wa Pate katika utenzi wa Al-Inkishafi, alitaja madaka, yaani zidaka, ya sahani ambayo sasa yamekuwa viota vya makinda ya ndege. Kwake yeye, hiyo ilikuwa dalili mojawapo ya nyumba iliyokufa.

Ufundi huo ulikuwa na sababu zake. Vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko, ambao kwa kawaida haufiki mita 3, na kabati lolote lingekula nafasi ya kupita. Ukuta, kwa upande mwingine, una unene unaokaribia nusu mita, hivyo mafundi wakaweka vyombo ndani ya unene huo bila kupunguza sakafu hata kidogo. Mwanga uliingia kutoka upande mmoja tu, wa kiwanda, ukaangukia chokaa nyeupe, na kila chombo kikaonekana kwa umbo lake, kwa sababu kila kimoja kilikuwa na fremu yake na weupe wake wa nyuma.

Hapo ndipo rafu zetu za leo zinapokosea. Tunazijaza vikombe vya zawadi, maua ya plastiki, picha za mahafali, chupa za dawa na chaja za simu, hata jicho likakosa pa kutua. Ninawasihi wenye nyumba waondoe kila kitu kwanza, wapake ukuta wa nyuma rangi nyeupe, kisha warudishe vichache vyenye historia katika familia, kila kimoja kikiachiwa nafasi pande zote. Msahafu ukae juu peke yake, wala kitu kingine kisiwekwe juu yake. Dele la kahawa na vyombo vingine vizito vikae chini. Mrashi wa kunyunyizia marashi na chetezo cha bibi cha kufukizia udi vinastahili mahali pa heshima, lakini viendelee kutumika siku za sherehe, na kwa kuwa hewa ya bahari huila shaba, visuguliwe kwa ukwaju au kwa ndimu na majivu, visuuzwe na kukaushwa vizuri kabla ya kurudishwa.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni jinsi tunavyozitendea zidaka zilizobaki. Nimeingia katika nyumba za kale ambamo zimezibwa kwa saruji ili ukuta uwe bapa, kisha rafu ya mbao za kubandika ikapigiliwa misumari juu yake. Saruji huzuia ukuta wa matumbawe kupumua; unyevu na chumvi hubaki ndani, plasta ikaanza kuvimba na kumenyuka, na misumari nayo ikalegea kwa kuwa chokaa kuukuu haina nguvu ya kuishika. Mwenye nyumba hupoteza vyote viwili, rafu na kidaka, na nakshi iliyobomolewa hairudi. Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini orodha haimzuii mtu kushika nyundo chumbani mwake.

Ninaomba basi gazeti lako liwatafute mafundi wa chokaa walio hai, waeleze kwa picha na vipimo jinsi ya kurekebisha kidaka kilichoharibika, na jinsi ya kujenga kipya katika ukuta wa matofali bila kuudhoofisha. Vijana wengi wanaojenga Mombasa, Malindi na Unguja wangependa kuwa nazo, ila hawajui wamwendee nani.

Msomaji wako,
Mombasa