Asante, dada wa rekodi

Dada wa rekodi uliyetuachia yale maelezo dirishani, asante sana. Kabla ya kuandika K71 (msimbo wa ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa, wa ini lililoumizwa na dawa au sumu), homa ya ini B na C ziwe zimepimwa na kuonekana hazipo. Kwa vipimo vya mwanzo, ALT (kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu) igawanywe kwa kikomo chake cha juu cha kawaida, ALP (kimeng'enya kingine) vivyo hivyo, kisha jibu la kwanza ligawanywe kwa la pili: 5 kwenda juu, seli za ini ndizo zimeumia, 2 kushuka, ni njia ya nyongo. Kuandika “dawa ya kienyeji” tu hakutoshi: chupa yenyewe iletwe, tarehe za kuanza na kuacha ziandikwe. Na miraa, ambayo nayo huweza kuumiza ini (hapa Nairobi wengi huificha), iulizwe bila kumfokea mtu. ALT ya siku moja haithibitishi kuwa ugonjwa ni sugu, kwa hiyo K71.5 (ini lililoumizwa na sumu, lenye homa ya ini sugu) ingoje. Mungu akuzidishie.