Yakhe Hafidhi, Miguel Si Mwenye Kalamu

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Yakhe Hafidhi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo imetukalia. Mama yako nilimkuta juzi sokoni Mgandini, anachagua samaki kwa ukali wake ule ule. Kanituma nikwambie fedha zimefika, na uache kumtumia picha za maduka ya Muscat, anataka kuuona uso wako. Nimefikisha. Bi Zuhura naye anakusalimu. Ile kesi ya ukuta bado iko palepale.

Najua umenuna. Tangu tulipobishana kwenye simu kuhusu Miguel O'Hara, yule Spider-Man wa bluu wa kwenye filamu, hujaniletea hata salamu, na mimi nikasema basi, kama mtu mzima mwenye ndevu anaweza kununa kwa ajili ya katuni, na anune. Ila sasa nimepata kazi inayonilazimisha nikuandikie, tena barua, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Kuna kijana wa Chumbageni kanunua bajaji. Kaniletea nimchoree mgongoni, nami nikadhani atataka simba au jina la mama yake kama wenzake. Wapi! Anataka Spider-Man, na si yule mwekundu wa kwenye mabegi ya watoto. "Yule wa bluu," kaniambia, "mwenye makucha, asiyecheka." Nilifurahi mpaka nikampunguzia bei kabla hajaomba. Halafu akaongeza: chini ya picha niandike IMEANDIKWA, kwa herufi kubwa nyekundu. Hapo nikakukumbuka wewe, nikasonya.

Usiku ule ule nikaiweka tena Across the Spider-Verse, dakika 140 zote, mke wangu akalala akaamka bado niko nayo. Sikufichi, niliitazama kwa nia ya kukutafutia hoja. Nimezipata.

Kwanza niyaseme ya kwako, usije ukadai nakusingizia. Wewe unasema steringi wa kweli mle ndani ni Miguel, na kwamba Miles, yule Spider-Man kijana, ni mtoto wa mama anayetaka baba yake, polisi anayekaribia kuwa kapteni, apone hata kama malimwengu yote yatafumuka. Miguel ameshayaona. Alikuta ulimwengu ambako Miguel wa huko kauawa, kaacha binti. Akaingia pale, akavaa maisha ya marehemu, akawa baba wa Gabriella, akawa anakwenda kumtazama akicheza mpira. Ulimwengu ule ukafumuka wote, mtoto akamtoweka mikononi. Kwa hiyo, unasema, yeye anajua, na sisi wengine tunabahatisha.

Sawa. Mimi namhurumia kuliko unavyodhani. Pale anapokaa peke yake gizani na zile picha za binti yake, jitu zima lile, mabega hayapiti mlangoni, limekodolea kimwanga kidogo, huwa nasimamisha filamu. Spider-Man wote wengine wanatania hata wakipigwa; huyu hata mzaha umemkauka mdomoni. Mchoro ule naujua namna unavyochosha mkono, na waliouchora walimpenda mtu wao.

Lakini nijibu hili: nani alithibitisha kwamba ulimwengu ule ulifumuka kwa sababu yake? Ni yeye mwenyewe, pamoja na yule Lyla wake wa ndani ya kompyuta. Hakuna mwingine. Alifiwa, akakaa na mahesabu peke yake, akatoka na sheria: kila Spider-Man lazima apitie misiba fulani, na katika hiyo kuna kapteni wa polisi aliye karibu naye ambaye lazima afe akimwokoa mtoto, vifusi vikianguka, vita vikiendelea. Ukiuzuia msiba, ulimwengu wako unakwenda. Akakusanya mamia ya watu wenye nguvu za buibui, wote wakaitikia amina.

Sasa tazama Mumbattan, ule mji wa Spider-Man wa Kihindi. Miles kamwokoa Inspekta Singh, polisi aliyepaswa kufa pale, na punde tundu jeusi likaanza kuila ile mitaa. Wote wakasema: si unaona, kaharibu kilichopangwa. Mbona hakuna aliyesema kuhusu Spot? Yule mwenye madoa ametoka kuwasha mtambo wa kampuni ya Alchemax pale pale, umelipuka, mji umetikisika, na yeye mwenyewe kazi yake ni matundu! Nyumba imeungua, mwenye kiberiti kasimama mlangoni, nyinyi mnamkamata aliyekuja na ndoo. Sidai kwamba filamu imetoa hukumu. Nasema ushahidi wa Miguel una mtu mwingine ndani yake, na yeye hataki kumwangalia.

Na Kapteni Stacy, baba yake Gwen, yule Spider-Man wa kike, je? Hili kwenye simu ulilipita mbio. Gwen anarudi nyumbani, zile rangi za ulimwengu wake zinachuruzika ukutani kama karatasi iliyolowa, waridi inaingia kwenye bluu, na mzee anamwambia kwamba ameacha kazi. Ameacha! Si kapteni tena. Basi yule kapteni aliyepaswa kufa yuko wapi? Hakuna kifusi kilichoanguka, hakuna tundu lililofunguka. Mtu kaweka beji chini kwa ajili ya mwanawe, na sheria nzima ya Miguel imebaki haina wa kumshika. Utaniambia labda balaa linakuja katika sehemu ya tatu. Labda. Lakini labda hiyo ni ya kwako, si ya filamu.

Ndiyo maana nasema msiba wa Miguel haupo pale unapouweka wewe. Kufiwa wamefiwa wote. Miles mwenyewe alimpoteza mjomba wake Aaron katika ile filamu ya kwanza, ya 2018. Cha Miguel ni kingine. Yeye hawezi tena kukubali kwamba huenda mahesabu yake yana kasoro, maana yakiwa na kasoro, basi kila kapteni aliyewaambia wenzake wamwache afe, amekufa bure. Amejifungia ndani ya sheria yake, na kila mwaka unaopita mlango unazidi kuwa mzito. Hapo ndipo ninapomwona ni steringi wa msiba, si adui. Adui angekuwa na nafuu, angeweza kutubu.

Nawe ukanijia na kadari. Ukasema Muislamu gani anabisha kilichoandikwa. Hafidhi! Mimi sibishi kilichoandikwa, nabisha aliyesema amekisoma. Lauhul Mahfudh, ule ubao wa yaliyoandikwa na Mungu, haifunguki kwa kubonyeza saa ya mkononi. Maalim wetu pale chuoni alitufundisha nini? Mfunge ngamia wako, kisha mtegemee Mungu. Na sisi watu wa Ngamiani ndio tushindwe kufunga ngamia?

Tena nikuchekeshe. Ule msiba wa kapteni unajua umetoka wapi? Kwenye vitabu vya katuni vya zamani, Amazing Spider-Man namba 90, mwaka 1970: Kapteni Stacy anamwokoa mtoto, kifusi kinamwangukia, wakati Spider-Man anapigana na Doctor Octopus. Kwa hiyo kilichoandikwa kweli kimeandikwa, ila na watu wa ofisini Marekani waliokuwa na tarehe ya kupeleka kitabu kiwandani. Hata waliotengeneza filamu wanalijua hilo, ndiyo utani wao wenyewe. Wewe tu ndiye uliyeingia na msahafu.

Haya. Na sasa lile ambalo kwenye simu silisemi. Siku ya maziko ya Idi, tunatoka makaburini, ulinishika bega ukasema "imeandikwa." Nikanyamaza, siku ile haikuwa ya kubishana, na mama yake alikuwa anatusubiri. Idi muda wake ulifika, silipingi. Lakini lile lori lilikuwa limeharibika katikati ya njia tangu magharibi, halina taa, halina hata tawi la mti nyuma yake. Watu walipita na kupita. Kukata tawi ni kazi ya dakika mbili, Hafidhi. Kadari haikumkataza mtu yeyote kukata tawi. Ukisema imeandikwa halafu ukaenda zako, yule mwenye lori naye analala vizuri, na kesho ataegesha tena vilevile, na bodaboda mwingine

Basi, tuliache. Nikilianza hili sitamaliza karatasi. Ila ujue kwamba ulipokuwa unamtetea Miguel mimi nilikuwa nasikia sauti ya siku ile, ndiyo maana nilipaza yangu. Idi angekuwepo angetucheka wote wawili, yeye alikuwa upande wa Hobie, yule Spider-Man mkorofi, na gitaa lake, hana habari na sheria ya mtu.

Turudi kwenye bajaji. Rangi ya bluu nimeshanunua, ile nzito ya mafuta, maana ya maji haifiki hata masika. Tatizo langu ni ile alama ya kifuani. Katika vitabu vya 1992, vya Peter David na Rick Leonardi, vazi lile lilikuwa nguo ya sherehe ya Wameksiko ya kuwakumbuka wafu, kwa hiyo buibui mwekundu ana sura ya fuvu. Kwenye filamu wameibadilisha kidogo, na huyu bwana hatulii hata sekunde moja, kila nikisimamisha picha imepinda. Wewe unacho kile kidoli ulichojisifia nacho. Nipigie picha kifua, mgongo na mikono, mchana, si chini ya ile taa yako ya njano. Maandishi nimemwambia kijana yangoje kwanza.

Na unijibu haya, usirukeruke: ungekuwa wewe ndiye Stacy, kazi ungeiacha au ungekaa usubiri kifusi? Ungekuwa Miles, umeambiwa baba yako ana siku mbili, ungekaa kwenye kile kizimba alichofungiwa na Miguel? Yule Miles mwingine wa ulimwengu wa Earth-42, mwenye nywele za kusuka, unadhani atamfungua mwenzake au atamwacha amefungwa pale? Sehemu ya tatu ilikuwa itoke Machi 2024, sasa wanasema 2027. Utakuwa umerudi, au nitaitazama na Mudi anayelala kila filamu? Huyo tajiri wako mpya analipa kwa wakati? Ramadhani unakuja? Na lile neno, niandike au nisiandike? Kijana ameshanipa nusu ya fedha na Alhamisi anakuja kuchukua chombo chake, kwa hiyo hata kama bado umenuna, picha zitume kwanza, kununa utaendelea baadaye.

Wako,
Rashidi

Mudi anauliza jezi yake. Nimemwambia akuulize mwenyewe, amesema anakuogopa.