Risala ya watumishi wa ramani wa halmashauri tano kwa Mgeni Rasmi, siku ya kufunga mafunzo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa wakurugenzi wa halmashauri zetu tano, waheshimiwa madiwani, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Tunakushukuru na wewe kwa kufika mwenyewe. Neno hilo tumeliweka kwa makusudi, kwani mara mbili zilizopita tuliletewa mwakilishi, naye akatuahidi kwamba atafikisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, umoja wetu ulizaliwa mwaka 2022. Mwaka ule tulipita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya anwani za makazi, halafu ikaja Sensa ya tarehe 23 Agosti, na wananchi wakatuuliza kama zile taarifa za mwanzo zimepotea. Tuliona aibu, tukaunda umoja. Historia yetu ni hiyo.

Mafanikio ni makubwa mno. Watumishi wa halmashauri zote tano sasa wanatumia QGIS, programu ya kuchora ramani kwenye kompyuta, isiyolipiwa leseni hata shilingi moja. Tumeweka kwenye ramani visima vyote vya kata mbili. Kata zilizobaki ziko kwenye mpango. Tumejifunza pia kwa wenzetu wa Ramani Huria, ambao tangu mwaka 2015 waliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora mitaro na maeneo ya mafuriko Dar es Salaam, na ramani zile zikaachwa wazi kwa yeyote anayezihitaji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba utusikilize kwa makini kidogo.

Tunaomba seva moja, yaani kompyuta kuu ya kuhifadhi ramani zetu zote mahali pamoja. Halmashauri tano, seva moja. Leo ramani za mkoa huu zinakaa kwenye kompyuta mpakato za watu na kwenye flashi. Mtumishi akihamishwa, wilaya inahama naye. Mshauri akimaliza mkataba, anatuachia ripoti nzuri yenye jalada la rangi, na data anaondoka nayo. Mwaka unaofuata tunalipa kupima barabara ileile.

Hata tukipeana hizo flashi, ramani hazikubaliani. Kila ramani hufuata mfumo fulani wa kutaja mahali kitu kilipo duniani: halmashauri moja bado inatumia mfumo wa zamani wa Arc 1960, jirani yake anatumia WGS84 inayotoka kwenye GPS. Ukizipandanisha bila kugeuza, vitu vinahama kama mita 300. Ndivyo zahanati yetu moja ilivyoonekana katikati ya bwawa, na kijiji kimoja cha mpakani kikadaiwa ushuru wa mazao na halmashauri mbili. Cha ajabu, siku ya kupanga nani akichimbie kisima, kijiji hichohicho hakikuonekana kwenye ramani ya yeyote.

Seva ikiwepo, ramani ya msingi itakuwa moja, katika mfumo mmoja, na kila halmashauri itahariri eneo lake na kuona la jirani. Picha ya satelaiti itanunuliwa mara moja badala ya mara tano. Mtaalamu wa mjini atamsaidia mwenzake wa pembezoni bila kuomba gari.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mwaka juzi, katika ukumbi huuhuu, tuliahidiwa seva ndani ya miezi mitatu, na tulipiga makofi. Tunakiri kwamba utekelezaji ulianza: chumba kilipakwa rangi, kibao kikabandikwa mlangoni, na kiyoyozi kikafungwa. Kiyoyozi ni kizuri sana. Kwa sasa kinapoza viti vya plastiki vya sherehe, na leo umekalia kimojawapo.

Tunaomba pia wakurugenzi wasaini makubaliano ya kupeana data. Rasimu wanayo, tumewapelekea mara tatu. Bila sahihi zao, hata seva ikija kila mmoja atafungia chake kabatini, kwa hoja kwamba mwenzake atayaona mapato yake.

Ziara ya mafunzo, fulana na posho tumeviondoa kwenye risala hii ili ombi lisipate pa kujificha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, makubaliano yale yako mezani mbele yako pamoja na kalamu. Wakurugenzi wote watano wapo. Nafasi ya tarehe ya kufika seva tumeiacha wazi, uijaze wewe.

Naomba kuwasilisha.