Mpango wa kuunda meli za biashara uanze na shehena

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nichangie mjadala unaofufuka kila nauli za baharini zinapopanda, kwamba taifa linaloishi kwa biashara ya nje liunde meli zake lenyewe badala ya kukodi za wageni mwaka nenda mwaka rudi. Wazo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Nimetumika melini kama mhandisi wa mitambo kwa miaka 26, na baada ya hapo nikawa mkaguzi katika gudi za matengenezo, yaani mahali meli inapoingizwa na kutolewa majini ili ifanyiwe kazi, kwa hiyo nimeyaona kwa macho yangu matunda ya mipango iliyofikiriwa vizuri na ya ile iliyoharakishwa. Kinachonitia wasiwasi ni pale mjadala unapoanzia. Watu hutaja kwanza idadi ya meli, ishirini au hamsini, halafu ndipo wanapouliza zitabeba nini, kutoka wapi kwenda wapi.

Niliwahi kutumika katika meli iliyoagizwa kwa mtindo huo. Ilikuwa mpya kabisa, na injini yake sikuwa na la kuilaumu. Lakini kreni zake za sitahani ziliweza kuinua tani 5 tu, na shehena kuu ya njia ile ilikuwa mitambo ya viwanda iliyofungwa katika makasha ya mbao ya tani 8 na 9. Katika safari ya kwanza tulikaa gatini siku mbili tukisubiri kreni ya kuelea ya kukodi, huku makasha yamepangwa mstari kando ya meli na wapakiaji wamekaa juu yake bila kazi. Tulipofika upande wa pili tukakuta kwamba kina cha mlango wa bandari hakitutoshi mpaka maji ya bamvua, yanapojaa sana, basi tukatia nanga nje siku nne tukingoja maji mafu, yanapojaa kidogo, yapite. Mafundi walioiunda meli ile walifanya kazi yao sawasawa. Kosa lilifanyika mezani kabla ya bamba la kwanza la chuma kukatwa, kwa sababu hapakuwa na aliyeuliza makasha yana uzito gani wala bandari ina kina gani.

Zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa za biashara ya kimataifa, kwa kipimo cha ujazo wake, husafirishwa kwa bahari, na karibu yote huandikwa mahali fulani, iwe forodhani, bandarini au kwa mawakala wa meli. Kazi ya kwanza ya mpango wowote, kwa hiyo, ni kuzikusanya hati hizo na kutengeneza picha ya shehena ya taifa: inatoka nini, inaingia nini, kwa uzito gani na kwa nafasi gani ndani ya ngama, yaani tumbo la meli linalowekwa mzigo, katika miezi ipi ya mwaka, na kuelekea bandari zipi. Uzito na nafasi ni vitu viwili tofauti, na asiyevitofautisha ataunda meli isiyofaa. Pamba hujaza ngama kabla meli haijazama hadi kwenye alama yake ya mzigo, ilhali madini huizamisha meli hadi kwenye alama hiyo ngama ikiwa bado na nafasi tele. Vilevile kuna swali la safari ya kurudi. Meli inayopeleka madini ikarudi bila mzigo, na farumi tu ya maji ya kuipa uzito isiyumbe, hulipiwa njia moja na huchoma mafuta njia mbili, na hesabu za wapenda meli mara nyingi hulisahau jambo hilo.

Baada ya shehena kujulikana, idadi ya meli hujitokeza yenyewe kwa hesabu ya kawaida. Tuseme njia moja ina shehena ya tani 600,000 kwa mwaka, na meli inayofaa hubeba tani 10,000. Safari ya kwenda na kurudi huchukua siku 70, na nusu yake, yaani siku 35, meli huzitumia bandarini ikisubiri gati, ikipakia na kupakua. Ukitenga siku 15 za matengenezo, mwaka unabaki na siku 350 za kazi, kwa hiyo meli moja hufanya safari 5 na kubeba tani 50,000. Njia hiyo inahitaji meli 12. Sasa fikiria kwamba siku za bandarini zimepunguzwa kutoka 35 hadi 15. Safari inakuwa ya siku 50, meli hiyohiyo inafanya safari 7 kwa mwaka, na meli 9 zinatosha. Meli tatu nzima, pamoja na mabaharia wake, mafuta yake na riba ya mkopo wake, zimeokolewa na kreni za gatini na makarani wanaotoa hati kwa wakati. Ndiyo maana nashikilia kwamba wizara inayopanga meli bila kukaa meza moja na watu wa bandari inapanga nusu ya jambo.

Utaratibu huu haukubuniwa jana. Sheria ya Meli za Biashara ya Marekani ya mwaka 1936 iliunda Tume ya Meli na kuiagiza ichunguze njia zipi za baharini ni za lazima kwa biashara ya nje ya nchi hiyo, kisha ipime ni meli za aina gani, za ukubwa gani na za kasi gani zinazohitajika katika kila njia. Kutokana na uchunguzi huo Tume ilipanga kuunda meli 500 katika miaka 10, yaani 50 kila mwaka, na meli za shehena za kawaida ikaziweka katika aina tatu za msingi zilizoitwa C1, C2 na C3.

Sababu ya kupanga 50 kila mwaka inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana walijifunza kwa gharama kubwa. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, ilianzisha kiwanda cha kuunda meli huko Hog Island, karibu na Philadelphia, chenye njia 50 za kushulia meli, yaani miteremko ambayo meli huundwa juu yake kisha ikaingizwa majini. Hakikuwahi kuonekana kiwanda kikubwa kama kile. Meli yake ya kwanza, Quistconck, iliingizwa majini Agosti 1918, na vita vikaisha Novemba mwaka huohuo kabla hata moja haijakabidhiwa. Kazi iliendelea hadi mwaka 1921 na zikatoka meli 122, wakati shehena ya kivita ilikuwa imekwisha na meli za ziada zimejaa bandarini. Mafundi walitawanyika, na leo mahali pale ni uwanja wa ndege. Lakini hasara haikuishia hapo. Kwa kuwa meli nyingi za taifa hilo ziliundwa katika miaka ileile michache, zote zilizeeka kwa pamoja, na ilipofika miaka ya 1930 ilionekana wazi kwamba sehemu kubwa ya meli za biashara za nchi hiyo ingetimiza miaka 20 karibu kwa wakati mmoja, na kwa miaka mingi hapakuwa na mpya za maana zilizoundwa kuzirithi.

Meli ya biashara hufanya kazi takriban miaka 25 kabla haijapelekwa kukatwa vyuma chakavu. Taifa ambalo hesabu yake ya shehena imeonyesha haja ya meli 50 linahitaji, kwa muda mrefu, kuunda meli 2 kwa mwaka. Mbili! Najua idadi hiyo haina mvuto jukwaani, ila ndiyo inayomwezesha kijana anayejifunza kuchomelea leo kuwa msimamizi wa karakana baada ya miaka 15, kwa sababu kazi haikukatika katikati. Japani ilianza utaratibu wa namna hiyo mwaka 1947. Serikali ilikuwa ikitenga kila mwaka kiasi cha tani za meli zitakazoundwa, na wenye kampuni za usafirishaji wakapewa mikopo ya masharti nafuu waziagize katika viwanda vya nyumbani. Mwaka 1956 nchi hiyo iliyotoka vitani bila meli za kutosha iliipita Uingereza na kuwa ya kwanza duniani kwa kuunda meli.

Jambo jingine ni kuunda kwa mfululizo. Meli ya kumi ya ramani ileile huchukua muda mfupi na gharama ndogo kuliko ya kwanza, kwa kuwa vipimo vimekwisha kuchorwa na mikono imezoea. Marekani iliunda meli 2,710 za aina ya Liberty kati ya mwaka 1941 na 1945. Ya kwanza, Patrick Henry, ilichukua zaidi ya siku 240, na baadaye wastani ukashuka chini ya siku 50. Hata hivyo nawaomba wasomaji wautazame mfano huo kwa pande zote mbili. Baadhi ya meli zile zilipasuka, na nyufa nyingi zilianzia katika pembe kali za mraba za milango ya ngama. Zamani, mabamba yalipofungwa kwa ribiti, yaani misumari ya chuma inayogongwa ikiwa ya moto, ufa uliweza kusimama ukingoni mwa bamba, lakini katika meli ya kuchomelewa chuma chote kimekuwa kitu kimoja na ufa hukimbia moja kwa moja. Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady, ambayo ilikuwa ya aina nyingine iitwayo T2, ilikatika karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini katika maji matulivu, usiku wa baridi. Constance Tipper wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha kwamba chuma kilichotumika kilikuwa kinapoteza unyumbufu wake kwenye baridi. Mimi mwenyewe nimepitisha kidole kwenye pembe ya mlango wa ngama na kuusikia ufa kabla ya kuuona, mwembamba kama unywele chini ya rangi. Mpango usiotenga fedha za wakaguzi na maabara ya kupima chuma haujakamilika, hata ukiwa na njia za kushulia meli mia moja.

Kuhusu aina za meli sitasema mengi. Tangu meli ya Marekani Ideal X iliposafiri na makontena 58 mwaka 1956, shehena ya mchanganyiko imehamia kwenye makontena, na asiyelikubali hilo ataunda meli za makumbusho. Kuhusu mafuta, nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Bahari zilikubaliana mwaka 2023 kwamba gesi zinazoongeza joto duniani kutoka melini zifikie sifuri halisi ifikapo mwaka 2050 au karibu na hapo. Meli itakayoingia majini mwaka 2030 itakuwa bado kazini wakati huo, kwa hiyo iachiwe tangu kwenye ramani nafasi ya matangi na injini ya namna nyingine.

Limebaki swali la nani atazimiliki meli hizo na nani atazipa mzigo. Kuunda nyumbani huwa ghali mwanzoni, na ni afadhali serikali iseme hivyo hadharani na kuifidia tofauti hiyo kwa muda uliowekewa kikomo, kuliko kuificha ndani ya bei ya nauli inayolipwa na mkulima. Lakini fidia haileti shehena. Korea Kusini ilianza kujenga kiwanda cha kuunda meli katika mji wa Ulsan mwaka 1972 huku ikiunda ndani yake meli kubwa za mafuta za mteja kutoka Ugiriki, na mwaka 1974 za kwanza zikawa tayari. Mgogoro wa mafuta wa mwishoni mwa 1973 ulikuwa umekwisha kuharibu soko, na wateja wakakataa kuchukua baadhi ya meli walizoagiza. Wenye kiwanda walizichukua meli tatu zilizobaki mikononi mwao na mwaka 1976 wakaanzisha nazo kampuni yao ya usafirishaji. Waliokoka kwa kuwa palikuwa na mafuta ya kuagizwa nchini mwao ambayo meli hizo zingeweza kuyabeba. Kiwanda kisicho na shehena ya nyumbani nyuma yake hakina pa kuegemea soko la dunia likianguka.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopanga ni dogo. Kabla ya kutangaza idadi ya meli, wachapishe jedwali la shehena ya miaka 10 iliyopita kwa kila njia, pamoja na siku ambazo meli zilikaa bandarini, ili wahandisi, wasafirishaji na wakulima walipitie na kulisahihisha. Na wakati jedwali hilo likijadiliwa, fedha za kwanza ziende kwenye gudi la matengenezo. Meli zinazopita kwetu leo hutengenezwa mahali fulani kila baada ya miaka michache, na fundi aliyebadilisha mabamba ya meli za wengine kwa miaka mitano atakuwa amejua tayari pembe zipi hupasuka siku atakapopewa ramani ya meli mpya.

Wako,
Mhandisi mstaafu wa meli