Bima ya afya ilipie hata nauli na chakula

Mhariri,

Ingawa ada zilifutwa katika vituo vya afya vya serikali hapa Uganda mwaka 2001, mgonjwa wa kijijini huku Arua bado huzuiwa na nauli ya bodaboda, na akishapewa dawa za kifua kikuu huzimeza tumbo likiwa tupu. Muswada wa bima ya afya uliopitishwa na Bunge mwaka 2021 haukufikia kuwa sheria. Ukifufuliwa, wabunge watazame jimbo la North Carolina, Marekani, ambako kati ya mwaka 2022 na 2025 Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, iliwalipia baadhi ya wanachama wake chakula, usafiri na msaada wa makazi. Hatuna fedha zao, najua. Tuanze basi na nauli ya wajawazito, ambayo ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya upasuaji wa dharura.

Msomaji wako,
Arua