Tuelekezwe njia kwa alama, mshale pekee hautoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nieleze kero yangu kuhusu miongozo ya michezo ya mtandaoni inayochapishwa katika gazeti lako, hasa ile ya michezo ya njozi, ambamo mchezaji huvaa uhusika wa shujaa, mchawi au mganga na kuingia pamoja na maelfu ya wenzake katika ulimwengu mmoja wa misitu, mapango na majumba ya kale. Waandishi wa miongozo hiyo wanazijua vizuri silaha, ngao na dawa za kuongeza nguvu, na mimi binafsi nimefaidika nao mara nyingi. Tatizo ni kwamba wanapofika kwenye swali ambalo mgeni analihitaji kuliko yote, yaani apitie wapi, huandika mstari mmoja tu na kukimbilia zimwi linalosubiri mwishoni mwa njia.

Mfano ninao. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiongoza vikundi vya wachezaji watano watano katika World of Warcraft, na wiki chache zilizopita nilikuwa na wageni wawili waliokuwa wakielekea kwenye mahandaki ya Blackrock Depths wakiwa na mwongozo wa gazeti lako mkononi. Mwongozo uliwaambia kwamba wakishaingia mlimani wakate kushoto. Sasa, mlima huo wa Blackrock una milango miwili ya nje, mmoja wa kaskazini unaotokea Searing Gorge na mwingine wa kusini unaotokea Burning Steppes, na kushoto kwa aliyeingilia mlango mmoja ndiko kulia kwa aliyeingilia mwingine. Mgeni mmoja alikuja kwa kaskazini, mwenzake kwa kusini, wote wakayatii maandishi, nasi watatu tukakaa zaidi ya nusu saa tukiwasubiri huku wao wakizunguka kandokando ya ziwa la lava, kila mmoja akiapa kwamba amekata kushoto kama alivyoambiwa. Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Hata wangekata upande uliokusudiwa, bado wangehangaika, kwa sababu ugumu wa mlima ule uko zaidi katika juu na chini. Ndani yake kuna uwazi mkubwa, lava ikitokota chini, na katikati umening'inia mwamba ulioshikiliwa na minyororo minene kiasi cha mtu kutembea juu yake. Anayekwenda Blackrock Depths hufuata mnyororo hadi kwenye mwamba huo, kisha akateremka zaidi. Anayekwenda Blackrock Spire, ngome iliyo juu ndani ya mlima huohuo, hupanda. Kwenye ramani bapa safari hizi mbili zinakaribia kuwa moja, na mgeni anayeitazama hana namna ya kujua kwamba zinatengana kwa kimo.

Ugonjwa huu hauko katika mchezo mmoja tu. Wachezaji wa Guild Wars 2 waliowahi kufika Tangled Depths, eneo lililokuja na nyongeza ya Heart of Thorns mwaka 2015, wanaujua uchungu wa kusimama juu kabisa ya alama ya mahali wanapopatafuta na kugundua kwamba mahali penyewe pako chini sana ya nyayo zao, na kwamba mlango wa kufikia huko uko mbali, nyuma ya ukuta wa mawe na mizizi. Eneo hilo limepangwa kwa tabaka, na baadhi ya njia zake za mkato ni mashimo ya jamii ya Nuhoch ambayo hayampitishi mchezaji asiyejifunza ustadi wake. Wawili wanaweza kusimama mbele ya shimo lilelile, mmoja akatoweka kuelekea aendako na mwingine akabaki akidhani mchezo umeharibika. Mwongozo usiotaja jambo hilo unampotosha msomaji bila kukusudia.

Huenda mwandishi wa safu atanijibu kwamba siku hizi kuna mshale, kuna alama ya mshangao, kuna mstari unaong'aa ardhini, na kwamba asiyevitumia amejitakia. Mshale nauheshimu, na sijasahau hali ilivyokuwa kabla yake. EverQuest ilipoanza mwaka 1999 haikuwa na ramani ndani ya mchezo. Mchezaji alikuwa na ustadi wa kuhisi uelekeo, uliohitaji mazoezi kama ustadi wa upanga, na aliyeanza alibonyeza na kubonyeza huku akiambiwa kwamba hajui hata ameelekea wapi. Kelethin, mji wa majukwaa ya mbao uliojengwa juu ya miti, uliwaua wengi kwa sababu tu walirudi nyuma hatua moja zaidi. Na kufa kulikuwa na gharama: mali ya mchezaji ilibaki kwenye mzoga wake, naye akalazimika kuurudia palepale alipopotea, safari hii akiwa mtupu. Watu walichapisha ramani zilizochorwa na wachezaji wenzao wakaziweka pembeni ya kompyuta, hadi mwaka 2003 ndipo ramani zikaingizwa ndani ya mchezo. Final Fantasy XI, iliyotoka Japani mwaka 2002, ilikuwa nazo, lakini mchezaji alizinunua kwa wauzaji au kuzisaka mwenyewe, eneo moja baada ya jingine. Sitamani kurudi huko.

Wala sisemi kwamba maelekezo ya maneno ya zamani yalikuwa bora. Katika nyika ya Barrens ya World of Warcraft, askari mmoja aitwaye Mankrik alikuwa akiwaomba wachezaji wamtafute mkewe, bila kuwapa maelezo ya kutosha ya mahali, na kwa miaka swali la alipo mke wa Mankrik liliujaza ukumbi wa mazungumzo wa eneo hilo hata likageuka mzaha. Sasisho la Desemba 2009 lilipoanza kuonyesha sehemu za kazi juu ya ramani, wengi tulishusha pumzi. Lakini mshale hujibu swali moja tu, la wapi kitu kilipo. Hausemi upitie wapi. Ukielekeza moja kwa moja kwenye pango ambalo mdomo wake uko ng'ambo ya mlima, mgeni ataupanda mlima, atateleza, ataupanda tena, na mwisho atauliza kama kuna kosa katika mchezo. Hiyo ndiyo nafasi ambayo mwongozo wa gazeti ungepaswa kuijaza, nayo ndiyo unayoiacha wazi.

Nieleze basi jinsi sisi tunavyowafundisha wageni, kwani huenda ikamsaidia mwandishi kuona ni taarifa zipi msomaji anazihitaji.

Mbinu ya kuweka alama ni kongwe kuliko michezo ya mtandaoni yenyewe. Katikati ya miaka ya 1970, Will Crowther, mtunzi wa programu aliyekuwa pia mpenda mapango na aliyeshiriki kupima mapango ya Kentucky, alitunga mchezo wa maandishi matupu kuhusu safari ya pangoni, na Don Woods akaupanua mwaka 1977. Ndani yake mna mzingile wa vyumba vilivyoelezwa kwa maneno yaleyale, na mchezaji mwerevu aliangusha kitu tofauti katika kila chumba ili akirudi ajue amewahi kupita. Ila Roy Trubshaw na Richard Bartle walipofungua njia ya ulimwengu wa pamoja katika Chuo Kikuu cha Essex kuanzia mwaka 1978, hila hiyo ilipungua nguvu, kwa maana taa uliyoiacha kama alama, mwenzako aliiona kuwa taa ya bure. Tangu hapo mchezaji wa mtandaoni anahitaji alama zisizookoteka.

Alama hizo zipo, lakini lazima zitafutwe kwa makusudi. Mwaka 1960 mtaalamu wa mipango miji Kevin Lynch alieleza kwamba watu huijenga picha ya mji akilini kwa njia, kingo, vitongoji, makutano na alama, na ajabu ni kwamba orodha yake inafaa pia kwa miji ya mazimwi. Chukua Ironforge na Undercity ya awali, miji miwili ya World of Warcraft iliyopangwa kwa mduara. Ironforge ina tanuru kuu katikati, na kila mtaa una sura yake, kwa mfano Tinker Town na mitambo yake au Forlorn Cavern na giza lake, hivyo mgeni akipotea hurudi kwenye tanuru na kuanza upya. Undercity nayo ilikuwa na mfereji wa uchafu wa kijani unaozunguka, kuta za mawe zilizofanana na lifti zilizofanana, na mtu akishuka bila kukumbuka ni lifti ipi aliyotumia, alikuwa amepotea kabla hajapiga hatua ya kwanza. Kwa mji wa namna hiyo tunamwambia mgeni achague kitu kimoja tu, akikariri jirani zake wa kulia na kushoto, na asiongeze cha pili hadi cha kwanza kimkae kichwani.

Pangoni hali ni ngumu zaidi. Wailing Caverns, mapango ya mchezo huohuo, huwapoteza watu hata kabla ya kuingia, kwa kuwa lango lenyewe limefichwa ndani ya pango jingine, na baada ya lango kuna vijia vya kijani vinavyopishana juu na chini pamoja na ufa maarufu wa kuruka, ambao kila kundi lina mtu wa kuuangukia. Kanuni yetu ya kwanza huko ni kugeuka nyuma kila penye njia panda na kutazama ulikotoka, kwa sababu njia ile ile ina sura nyingine kabisa wakati wa kurudi, na wengi hupotea wakirudi. Ya pili ni kufuata mizoga: penye mizoga tumeshapita, penye mazimwi yaliyo hai hatujapita. Kanuni hii ina muda wake, kwani mizoga hutoweka, na katika maeneo ya wazi mazimwi huzaliwa upya, hivyo kundi linalozubaa hupoteza ramani yake lenyewe. Pale mchezo unaporuhusu kiongozi kuweka alama za rangi ardhini, tunaziweka kwenye njia panda.

Wapo wanaoshauri mchezaji aguse ukuta wa mkono mmoja na kuufuata bila kuuacha. Ushauri huo ni wa kweli kwa sehemu. Aliyeanza kuufuata ukuta mlangoni hatakosa kurudi mlangoni, lakini chumba kilicho katikati, kisichoungana na ukuta wa nje, atakizunguka bila kukiona, na penye madaraja yanayopita juu ya njia nyingine ukuta wenyewe hauna maana tena. Tunautumia kwa kutokea tu.

Kuhusu ile ramani ndogo ya pembeni mwa skrini, wachezaji wenzangu wanabishana nami hadi leo. Michezo mingi hutoa hiari ya kuiacha izunguke kadiri unavyogeuka au kuifunga ili kaskazini ibaki juu daima. Mimi huwaagiza wageni waifunge. Inayozunguka ni rahisi kwa dakika kumi za kwanza, lakini humnyima mtu nafasi ya kuona eneo likiwa limetulia, na akiulizwa na mwenzake yuko upande gani hujibu kwamba yuko mbele.

Kwa hayo yote, Mhariri, ombi langu ni dogo. Kila mwongozo unaohusu mahandaki, mapango au miji ya tabaka utaje mlango ambao mwandishi aliingilia, useme kama safari ni ya kupanda au kushuka na kwa kiasi gani, na badala ya kushoto na kulia utaje kitu kinachoonekana, iwe sanamu, maporomoko au moto wa rangi ya pekee. Utaje pia sehemu ambazo mtu akiruka hawezi kurudi, pamoja na ufunguo au ustadi unaotakiwa kabla ya safari, maana hakuna kinachoudhi kama kufika mwisho wa handaki na kukuta mlango umefungwa kwa jambo ambalo lingeweza kutajwa kwenye sentensi ya kwanza. Na kama muda unaruhusu, mwandishi aipite njia hiyo tena akiwa na mhusika mpya asiye na nguvu wala mnyama wa kurukia, kwa kuwa anayeruka angani husahau kabisa kwamba kuna ukuta.

Kuhusu mwongozo wa Blackrock, ningeshukuru kama masahihisho yangechapishwa katika toleo lijalo. Wale wageni wangu wawili wamekubali kuyajaribu kabla hayajatoka, mmoja akianzia kaskazini na mwingine kusini.

Wako mtiifu,
Msomaji wa siku nyingi na kiongozi wa msafara