Barua ya Wazi kwa Wastaafu Wenye Mashua: Wageni Wafuate Maji

Kwa ndugu zangu wastaafu wa Mombasa, mabwana na mabibi, mliokwisha kununua mashua na mnaokusudia kununua,

Assalamu alaykum.

Msimu wa kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, unakaribia, na tayari nasikia kutoka Kibokoni hadi Mkomani mipango ile ile ya kila mwaka: watoto watashuka kutoka Nairobi mwezi wa Desemba, watakaa siku chache, na mashua itang'oa nanga siku yoyote wageni watakayokuwa tayari. Mimi na mzee wangu tumekuwa na chombo chetu tangu tulipoacha kazi, na shauri langu kwenu ni moja: kalenda ya nyumba yenye mashua ipangwe kwa pepo na maji, na wageni, hata wakiwa wajukuu tunaowapenda kuliko macho yetu, waingizwe ndani ya kalenda hiyo. Wengi wetu tunafanya kinyume kwa sababu ni vigumu kumwambia mtoto aliyekwisha kukata tiketi ya treni kwamba siku aliyoichagua haifai.

Anzeni na maji. Hapa petu siku za bamvua, yaani siku moja mbili baada ya mwezi mpevu na baada ya mwezi kuandama, maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Sasa mgeni aliyezoea bara huamka kwa raha zake, akanywa chai na mahamri, watoto wakatafutiwa kofia, na wakati jamaa wote wanapofika ufukweni ni saa nne hasa, na mashua imelala ubavu juu ya mchanga. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi, na mikondo ya milango ya mwambani, yaani mianya ya mwamba wa matumbawe, huwa ya upole. Kwa hiyo binti akipiga simu kuuliza waje lini, angalieni mwezi kabla ya kumjibu, na mkitaka saa kamili someni jedwali la maji la bandari ya Kilindini.

Pepo nazo zina hukumu yao. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na hiyo ndiyo miezi ya kutembea. Likizo ya Agosti, kinyume chake, huangukia ndani ya kusi, upepo mkali utokao kusini, ambapo bahari ya nje ya mwamba si mahali pa kumpeleka mtoto wala mtu mwenye miaka yetu. Wageni wa Agosti nawapangia kazi nyingine: chombo kikiwa juu, wajukuu hupewa vikwaruzo wakakwangua makombe yaliyoganda chini, na nimeona kwamba wao hulifurahia jambo hilo kuliko wazazi wao wanavyodhani.

Hapo nimefika kwenye matengenezo, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maisha haya, ingawa muuzaji wa mashua hakuitaji. Mkitaka kukwangua na kupaka tu, pandisheni chombo siku moja mbili kabla ya kilele cha bamvua. Kiegemezwe alfajiri maji yakiwa juu, kazi ifanywe tangu asubuhi hadi adhuhuri, na jioni kielee tena. Ukikipandisha siku ya kilele chenyewe, maji ya siku zinazofuata hupungua, na huenda ukakingoja hadi bamvua nyingine, wiki mbili baadaye. Lakini kwa mapumziko marefu ya kusi, kilele ndicho kinachofaa, kwani mnataka chombo kikae juu kabisa. Kifunikeni kwa makuti na mkimwagie maji ya bahari mara kwa mara, maana mbao zikikauka mno huachana, na kalafati ya mwaka jana, yaani pamba iliyozibia nafasi kati ya mbao, huanguka yenyewe.

Fundi wa kalafati atafutwe mapema, kwa kuwa waliobaki ni wachache na kila mtu huwataka katika mwezi mmoja. Ajapo, kaeni karibu naye mtazame anavyoipachika pamba na kuigonga kati ya mbao, kisha sehemu ya chini ipakwe deheni ya shahamu na chokaa, na sehemu ya juu ipakwe sifa, yaani mafuta ya papa, au rangi. Kwa maoni yangu mwenye chombo asiyejua mshono upi ulifanywa upya mwaka huu hana budi kujifunza, hata akiwa alikuwa meneja. Wenye mashua za faibaglasi wamepunguziwa kazi hii, ila makombe hayawasamehi, na injini yao, kama yetu, inataka kusafishwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila irudipo kutoka baharini.

Jambo ambalo husahauliwa sana ni hili: chombo cha mbao kilichokaa juu huvuja kinaposhushwa, hadi mbao zivimbe na kukazana. Kishusheni mwezi wa Oktoba au Novemba, mkikaushe ngama, yaani maji yanayokusanyika chini ndani ya chombo, kila siku hadi kitulie. Kukishusha usiku wa kuamkia siku ya wageni ni kuwaalika jamaa waje kuteka maji.

Kwenu mabibi nina neno la peke yake. Msikubali kuwa abiria. Tanga la jahazi linapogeuzwa, foromali, mti unaobeba tanga, huhamishwa upande wa pili wa mlingoti, na kazi hiyo haifanywi na mzee mmoja peke yake. Mtu wa pili ashike demani, kamba ya tanga, na kana, mpini wa usukani, na mtu huyo ni wewe. Ndiyo maana nashauri tanga dogo, hata kama majirani watacheka mwendo wenu. Siku mzee atakaposhikwa na kizunguzungu, mwanamke ajuaye kurudisha chombo ndiye bima yenu.

Safari za wageni ziwe fupi: ndani ya mwamba mbele ya Nyali na Bamburi, au ndani ya hori ya Mtwapa. Mlango wa Kilindini waachieni meli na feri za Likoni. Shimoni na Wasini ni pazuri, lakini kaskazi huwapeleka huko kwa tanga lililojaa na kuwarudisha kwa kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, siku nzima, kwa hiyo msiende na mtu mwenye tiketi ya treni ya kesho. Nendeni nyinyi wawili mwishoni mwa Machi, maleleji, kipindi cha upepo mchache kati ya misimu, yanapokaribia, mkiwa na siku za akiba.

Kabla ya Desemba hakikisheni leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Baharini haijaisha muda, na mnunue jaketi za kuokolea zinazowaenea watoto wenyewe. Jaketi ya mtu mzima humtoka mtoto kichwani anapoanguka majini. Waulizeni wazazi wao uzito wa kila mmoja katika simu ile ile ya kupanga siku ya kuja.

Wassalaam,
Bibi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa